Saturne ya Jikoni

"Ondoa ile kintu yako ku jiko yangu!" Mama Victorine alisimama kwenye pengo la ukuta, mwiko mkononi. "We Papa Casimir, mutu muzima, unatazama mwanamuke anapika?"

"Haiko mimi, Mama. Ni mashine. Iko inatafuta Saturne."

"Saturne iko mu nyungu yangu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Lupango ya Casimir, ua wa nyumba yake hapo Kampemba, ilikuwa imejaa kama siku ya matanga. Ukuta kati yake na Victorine, jirani na mjane mwenzake, uliangushwa na mvua, na hakuna kati yao aliyeukumbuka tena, mpaka ilipofika darubini.

Abigaïl, binti wa Casimir, ndiye aliyeituma kutoka Ulaya. Baba alikuwa amemwahidi picha ya sayari ya Saturne, na pete yake. Darubini hiyo ilikuwa na miguu mitatu, mota, rimoti, na kamera ya kupeleka picha kwenye kompyuta. Unaiambia jina la nyota, inajigeuza yenyewe. Ila ukiizima inasahau kila kitu, hata mji iliomo.

Kwa hiyo kila jioni, giza likishika tu, Casimir aliisimamisha sawasawa, akaielekeza kaskazini, akaandika tarehe, akaandika Lubumbashi, kisha akapaza sauti kuelekea kwenye pengo: "Mama Victorine, ni saa ngapi?" Victorine alijibu kutoka jikoni. Casimir aliandika, akachagua Saturne. Mashine ililia kama mbu, ikageuka mashariki, ikainama, ikatulia.

Kwenye kompyuta ilitokea picha ya ukungu: mbabula yenye makaa mekundu, nyungu juu yake, na mgongo wa mtu ndani ya kitenge cha kasuku wa kijani. Chini yake, bila aibu yoyote, mashine iliandika: SATURNE.

Hata kanisani walishaanza kumwita Victorine Mama Saturne. Basi jioni hiyo ya mwiko aliletwa mzee Mwelwa, shefu wa avenue, mkuu wa barabara yao, akapewa kiti cha mbele.

"Ma Victorine," akauliza, "juu ya nini haufunge mulango ya jiko?"

"Nifunge? Moshi iniue?"

"Na ile kitenge?" akadakia Falonne, muuza mikate ambaye jambo halimpiti. "Siku hizi kila jioni mupya. Ku kazi ya makala na majivu!"

"Kama batu banatazama, baone kintu ya muzuri."

Mwelwa akamgeukia Casimir. "Na wewe. Umetumika ku reli maisha yote, unaomba saa kwa jirani? Hauna montre?"

"Niko natazamaka ku simu, shefu. Na simu haina moto."

"Kila jioni?"

"Umeme njo inakatika kila jioni."

Hapo watu walimpa haki, maana umeme kila mtu anaujua. Lakini Mwelwa alikuwa ameshakunja uso. "Mwanamuke ya heshima hawezi kuwa sinema. Hii kintu itatoka ku avenue."

Casimir aliweka kiganja juu ya bomba la darubini, taratibu, kama unavyomshika mtoto mwenye homa.

Ndipo redio ya Victorine ikasema kutoka jikoni: hapa Kinshasa, saa kumi na mbili kamili za jioni, na sasa habari.

Mwelwa akatazama montre mkononi mwake. Saa moja.

"Mama, saa unamupatiaka Casimir, ni ya hii redio?"

"Sasa ya nani ingine? Njo redio niko nayo."

Kelele zilizotoka hapo zilisikika mpaka sokoni. Saa ya Kinshasa! Kinshasa wako nyuma yetu saa nzima! Mashine ya watu ilikuwa inatafuta Saturne pale ilipokuwa saa nzima kabla, wakati inachomoza tu, chini kabisa, nyuma ya jiko la Victorine.

Casimir akaandika saa ya shefu. Bomba likainuka, likavuka bati, likavuka nyaya za umeme. Kwenye kompyuta likatokea tufe dogo la njano, linatetemeka, pete kiunoni. Watu walipiga kelele kama kwenye goli.

"Inavaa kofia!" akalia Falonne.

Casimir akatoa simu mfukoni, ileile isiyo na moto, akaipiga picha ile, akaituma Ulaya palepale. Victorine peke yake hakuja kuangalia. Alirudi jikoni, akafunika nyungu.

Mwelwa alimfuata, akavua montre yake, akamfunga mkononi. "Saa ya redio ya Kinshasa, basi, imekwisha. Na wewe Casimir, sasa hauna tena sababu. Ikitazama tena jiko ya huyu mama, itatoka mu lupango yako siku ileile. Bote muko bashahidi."

Kesho yake hakuja mtu. Maneno yalikuwa yamekwisha, nani aje kuona nyota? Casimir aliisimamisha mashine peke yake, akaielekeza kaskazini, akaandika tarehe, akaandika Lubumbashi. Akageukia pengo.

"Mama Victorine! Ni saa ngapi?"

Jikoni, Victorine alitazama montre ya shefu. Saa moja.

"Saa kumi na mbili, Papa!"

Casimir aliingiza mkono katika koti lake la zamani, akavuta saa yake ya reli, yenye mnyororo, ile asiyomtajia shefu. Saa moja. Akairudisha mfukoni, akaandika saa kumi na mbili.

Mashine ikalia kama mbu, ikageuka mashariki, ikainama.

"Tena!" Victorine alikuwa ameshafika kwenye pengo, ndani ya kitenge kingine kipya. "Shefu alisema nini? Itoke mu lupango yako!"

"Itaenda wapi, Mama?"

Nyuma ya Victorine, kwenye meza ndogo ya jikoni, sahani za ugali zilikuwa mbili. Akasogea, akamwachia Casimir njia.

"Ingia nayo. Bukari inapoa."