Mgagani wa Kwenye Pamba

"Kula, mwanangu, mgagani unarudisha damu," Dorkasi alimwambia mke wa mwanawe, aliyejifungua juzi. Alikuwa ameupika kwa maziwa ili kupunguza uchungu wa mboga hiyo. Mkwewe akafuta bakuli kwa tonge la mwisho.

Mwana wa Dorkasi akaingia, bomba la dawa ya wadudu mgongoni.

"Mayu," akamwita mama yake, "mboga hii umechuma wapi?"

"Kwenye pamba yetu."

"Jana jioni nilipiga dawa huko."

Zamani ushirika ulitangaza siku ya kupiga dawa, na hakuna mama aliyechuma mboga shambani. Siku hizi kila mtu anajinunulia yake kwa wachuuzi, anapiga akijisikia.

Dorkasi akakumbuka vitone vyeupe kwenye majani, alivyodhani ni vumbi.

Yeye na mwanawe wakageuka. Kitandani, kichanga kilikuwa kimeshalikamata ziwa la mama yake.