Namba Iliyokataa Kushuka

Fundi alikigonga kifaa kwa ukucha, akakitikisa, akapangusa manyoya meupe yaliyonasa juu yake, kisha akaisoma namba kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Imepanda tena."

Hii ilikuwa mara ya tatu kupima. Mwenye nyumba aliketi kwenye ngazi ya chumba cha chini, akashika tama. Mama mkwe wake, ambaye ndiye aliyekaa chumba hicho pamoja na cherehani yake, aliendelea kushona.

Adui mwenyewe haonekani. Radoni ni gesi inayotoka kwenye miamba chini ya ardhi. Haina rangi, haina harufu, inapenya kwenye nyufa za sakafu, na ukiivuta miaka nenda miaka rudi inaharibu mapafu. Fundi alieleza yote hayo siku ya kwanza, akaacha kile kifaa, kidogo kama kikopo cha mafuta ya kujipaka, kikae chumbani wiki nzima madirisha yamefungwa. "Namba ikizidi mia tatu," alisema, "chumba hakikaliki."

"Na kwako je, umepima?" mama mkwe aliuliza.

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama, mimi ndiye fundi! Nyumba yangu si ile pale, ng'ambo ya barabara? Nalala chumba cha chini mwaka wa kumi huu, usingizi mnono. Gesi itaanzia wapi?"

Jibu hilo lilimwingia sana mama mkwe.

Wiki ya kwanza, namba ilikuwa mia saba. Wakaziba nyufa zote kwa simenti. Mia saba na kumi. Wakatoboa sakafu, wakapitisha bomba kutoka chini yake hadi juu ya paa, wakafunga feni ya kuivuta hewa ya ardhini, ikavuma usiku na mchana mpaka jirani akauliza kama wameanza kusaga nafaka. Na leo, mia saba na arobaini.

"Kazi hii haijawahi kunishinda," fundi alinung'unika. "Labda nyumba hii ina kisirani."

Kwa mama mkwe hilo halikuwa jambo la mzaha. Chumba kikifungwa, angehamia juu akalale na wajukuu wanne, mmoja kikojozi, mwingine mpiga mateke. Alikuwa amelea watoto saba, na zamu yake ya kupigwa mateke usingizini aliona imekwisha. Raha pekee iliyombakia ilikuwa kuvuka barabara mara mbili kwa wiki, kikapu cha nyuzi mkononi, kwenda kumpima mke wa fundi gauni. Wanawake wawili walijifungia chumbani, na gauni halikwisha. Kila mara alirudi akijitoa manyoya kwenye sketi na kumlaani paka wa watu, aliyedekezwa kama bwana harusi.

Mwenye nyumba aliinuka. "Mama, nisamehe. Leo tunakuhamisha." Akaishika cherehani.

"Wee! Iache hapo!" Mama mkwe aliikumbatia, machozi yakimlengalenga. "Ngojeni. Nimefanya hila, sitaki kufa nayo rohoni. Ila hila yenyewe imenigeuka, na sijui kwa nini."

"Hila gani tena, mama?" fundi aliuliza.

"Nilitaka namba nzuri. Nikasema kifaa kikilala humu kitaniumbua, afadhali kilale penye hewa safi kuliko mtaa mzima."

Akamtazama fundi kwa huruma.

"Wiki zote tatu, mwanangu, kilikuwa chini ya kitanda chako."