Ngome Juu ya Kilima

"Kaka, mchezo umefunguka! Nimeingia!" mdogo wake alishangilia kwenye simu.

Kaka mtu alishusha pumzi. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na kompyuta ya sebuleni, inayoendesha mchezo wa kujenga wanaoucheza ndugu wote, ili binti huyo aliyelazwa hospitalini aufungue kwenye kivinjari cha simu yake, bila kupakua kitu.

Kwenye skrini, kikaragosi cha binti kikaanza kupanda kilima. Kaka akaganda, kidole juu ya kipanya.

Kileleni hapo awali palikuwa na nyumba ya mdogo wake, aliyoijenga tofali moja moja. Siku daktari alipowaambia, kando ya kitanda cha binti, wajiandae kwa lolote, kaka aliibomoa akasimamisha ngome yake.

"Kaka, mbona nyumba yangu siioni?"

Uso ulimwaka moto. Akaachia kipanya.

"Labda ni mtandao wa huku, unasuasua," binti akamtafutia sababu. "Ngoja nisubiri, itatokea tu."

"Usisubiri, mdogo wangu. Niliibomoa mimi."

Kikaragosi kilisimama mbele ya lango la ngome.

"Lini?" binti akauliza.

Kaka akamtajia siku ile ya daktari.

"Kumbe," akasema taratibu. "Hata wewe ulishanizika."