Kura ya Nyamizi

Kila Ijumaa, sheria ilimtaka kila mtu mzima kijijini amtaje anayemshuku kwa mauaji ya Mzee Kasubi, mkewe na watoto wao watatu. Jioni, spika iliyofungwa ukutani mwa kila nyumba ilisoma majina yote na kura zake. Wiki hiyo aliongoza Maganga, mume wa Nyamizi.

"Wewe ulimtaja nani?" Maganga alimuuliza mkewe wakila ugali.

"Yule fundi baiskeli, kama siku zote."

"Fundi hakutajwa na mtu leo."

Nyamizi akainamia sahani. Siku ya mauaji, mumewe alirudi kutoka shambani amevaa shati lisilo lake, naye hakuwahi kumuuliza.

Maganga akainuka taratibu, akafunga mlango kwa komeo, kisha akarudi kuketi karibu naye.