Mama Hana Breki

"Breki ziko wapi?" Firmin aliuliza kwa mara ya tatu.

"Hakuna breki," Kocha Kamila alijibu kwa Kiswidi cha polepole, kile wanachosemeshwa wageni na wagonjwa. "Skii zina ncha mbili tu, ya mbele na ya nyuma."

Firmin alikuwa amefunga breki za malori kiwandani Södertälje kwa miaka kumi na miwili mfululizo. Kwake yeye, chombo kisicho na breki hakikustahili kuitwa chombo. Kilikuwa ajali iliyopakwa rangi.

Juu kabisa ya kilima cha klabu ya kuruka kwa skii, pale njia ya barafu inapoanzia, kofia nyekundu ilikuwa imetulia juu ya ubao wa kukalia. Watoto walipanga foleni nyuma yake kwa adabu ambayo watoto hawana kwa kawaida.

"Mama!" Firmin alipaza sauti. "Shuka kwa ngazi! Nitakutafutia ndakala, dagaa wa kwetu, nikukaangie mwenyewe!"

Wazazi wa Kiswidi waligeuka kumtazama. Kamila hakugeuka. Tangu mwezi wa kumi, Firmin alipokuja kumwandikisha Arielle, alikwisha kuelezwa kwamba kwao Fizi, Kongo, baba humwita binti yake "mama", na mama humwita mwanawe "papa", wala hakuna anayechanganyikiwa.

"Papa, nyamaza!" Sauti nyembamba yenye kithembe ilishuka kutoka juu. "Unanitia haya mbele ya wenzangu!"

Wenzake wakacheka. Firmin akamgeukia kocha.

"Na kama mimi sijasaini ile karatasi?"

"Sahihi yako haihitajiki. Amesaini mwenyewe."

Firmin aliitazama theluji kwa chuki. Ndiyo Sweden hiyo, nchi ambamo kila kiumbe ana haki zake isipokuwa mwenye nyumba. Alikuwa amembeba mgongoni siku tatu, kutoka Fizi hadi mpaka wa Burundi, milio ya risasi ikiwafuata. Hakuubeba mwili ule umbali wote huo ili uje kuvunjika shingo hapa, kwa hiari, mchana, mbele ya watu wanaokunywa kahawa.

Nyumbani Fittja alikuwa amejaribu kila njia. Aliificha kofia, ikapatikana. Alieleza habari za mifupa. Akaambiwa kwamba mifupa ni ya Mungu. Tangu karatasi ya klabu ilipoingia katika nyumba ile, simu yake haikuwa yake tena: kila jioni ilikuwa mikononi mwa mtu aliyetazama, kinywa wazi, mabingwa wa dunia wakipaa zaidi ya mita mia mbili na hamsini.

"Hawa nao walianza na kilima kidogo," aliambiwa.

Aliyemshangaza zaidi ni mkewe, Josiane. Josiane ndiye aliyenunua skii, na ndiye aliyezipaka nta. "Mwache aruke," alisema kila Firmin alipolalamika. "Tena aende kwenye kile kilima kikubwa." Firmin hakuwahi kumwona mkewe akiupenda mchezo wowote kiasi hicho.

Hata asubuhi ile, mkate ulipokataliwa mezani na uji kunywewa peke yake, Josiane aliunga mkono.

"Anayeruka hatafuni," alisema kwa furaha.

Sasa Kamila alikuwa amefungua daftari lake. "Leo akipita mita saba, rekodi ya kilima hiki kwa umri wake ni yake. Tutampiga picha, tuibandike ukutani."

"Na asipopita?"

"Atajaribu tena Jumamosi ijayo. Mimi ni kocha mwaka wa ishirini, Firmin. Kwa umri wake, sijaona asiyeogopa namna hii."

"Akianguka?"

"Ataanguka kwenye theluji."

"Theluji hiyo nimeikanyaga. Ni jiwe!"

Kamila aliinua bendera. Firmin alitaka kumshika mkono, lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa umekwisha kufunika macho yake. Akachungulia katikati ya vidole, maana kutotazama kulimtisha zaidi.

Kofia nyekundu iliachia ubao. Ikateremka, magoti yamekunjwa, mikono imerudishwa nyuma kama ilivyofundishwa, mpaka njia ikaisha. Hapo palipopasa kuwa na breki, palikuwa na hewa tupu.

"Yesu wangu," alisema Firmin.

Skii zikapiga theluji, zikayumba, zikatengana kama ndugu waliogombana, zikapatana tena. Kofia ikapita mbele yake kwa kishindo cha upepo na kusimama kwenye uzio wa wavu, wima, mikono juu.

"Mita nane na nusu!" Kamila alipiga kelele, akasahau utaratibu wake wote, akalirusha daftari.

Firmin alikimbia, akateleza, akafika akiwa amepiga magoti. "Mama, umevunjika wapi? Niambie tu, wapi?"

"Toka mbele yangu, papa. Wengine wanashuka."

Kweli, aliyefuata kwenye foleni alikuwa amekwisha kuruka. Akatua kwa wepesi wa mtu aliyezoea, akakata kona, akasimama kando yao, akafungua zipu ya mfuko wa koti. Alikuwa Arielle, wa miaka tisa.

"Koko," alisema, akimkabidhi bibi yake leso iliyofungwa fundo, "meno yako haya. Vaa ucheke, wanakuja kupiga picha."