Kwale na Fundi wa Bao

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu zangu, na midomo itulie, maana hii naisema kwa sauti ya chini.

Wanyama walikuwa na baraza la bao, na fundi wao alikuwa Ngedere. Hakuna aliyewahi kumfunga. Siku moja Kwale alikuja barazani akitetemeka, akasema Ngedere amemkamata kichakani, akamwingilia kwa nguvu.

"Shahidi wako nani?" akauliza Nguchiro. "Na kichakani ulifuata nini, bibiye? Fundi mzima akutake wewe?"

Wakacheka. Kobe, mwenye bao, alinyamaza. Kwale akakaa pembeni, hakuondoka.

Kesho yake, katikati ya mchezo, Ngedere akasema, "Nimeibiwa kete."

Papo hapo mchezo ukasimama, wakapekuana mpaka kwenye manyoya, kama ilivyokuwa desturi ya baraza lao.

Kwale akauliza, "Shahidi wako nani, Fundi? Labda uliitoa mwenyewe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kobe akainama.

"Kete moja tumeiamini bila shahidi," akasema. "Binti yetu tulimcheka, na mimi nilinyamaza. Nisamehe, mwanangu. Ngedere, hapa huchezi tena."

"Mtabaki na wachezaji wabovu," akasema Ngedere.

"Tutabaki nao."

Kobe alipokufa, Kwale alirithi bao. Nguchiro alirithi mkeka wa barazani, na kazi yake ikawa kumkalisha kila anayekuja akitetemeka, amsikilize mpaka amalize. Ngedere hakurithi kitu, hata nafasi ya kutazama.