Ziwa Kisale Bila Maji

Zilibaki dakika tatu. Wenye mtaji walikuwa wamemwandikia Priscille waziwazi: watalipia toleo moja tu la mchezo wake, la konsoli ya televisheni au la simu, achague kabla ya saa sita mchana.

Kwenye konsoli, maji ya Ziwa Kisale yalimeta vile alivyoyachora kwa miezi minane. Lakini mji mzima wa Kamina unacheza kwa simu, na kila simu ilikwama palepale penye maji. Asubuhi hiyo aliyatoa yote kwenye toleo la simu.

Alimpa mama yake simu aujaribu mchezo. Mama, mzaliwa wa Sanga, kando ya ziwa hilo, akapiga kasia kwa kidole gumba. Mtumbwi ukateleza, simu haikukwama. Priscille akabonyeza kipanya cha kompyuta juu ya neno SIMU. Jibu lingeondoka mara tu akiinua kidole.

Mama aliacha kucheza. Akafuta kioo kwa ncha ya kitenge, akafuta tena.

“Priscille, mutumbwi iko inapita pa bulongo,” alisema, akigusa udongo mtupu chini ya mtumbwi. “Ziwa iko wapi?”

Ilibaki dakika moja. Kidole kilikuwa kinakufa ganzi juu ya kipanya, na Priscille hakukiinua.